Mwenda Jean Bosco

Mwenda Jean Bosco (Bunkeya, Katanga, 1930 – Zambia, 1990), aliyejulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliimba hasa kwa Kiswahili cha Katanga, akijipigia mwenyewe gitaa lisilotumia umeme.

Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa mtindo wa kupiga gitaa kwa vidole uliokua katika miji ya migodi ya shaba na kuenea hadi Zambia na Afrika Mashariki katika miaka ya 1950. Wimbo wake unaojulikana zaidi ni "Masanga". Kabla ya bendi za Kongo zilizoimba kwa Kilingala kutawala redio za Afrika Mashariki, Bosco alikuwa Mkongo aliyesikilizwa huko kwa lugha ambayo wasikilizaji wenyewe waliielewa.

Jina

Wasikilizaji wengi walimwita Bosco tu. Jean Bosco ni umbo la Kifaransa la jina la Yohane Bosco (1815–1888), padri Mwitalia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani na kutangazwa mtakatifu mwaka 1934. Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911 na kuendesha shule nyingi, hivyo jina hilo lilienea miongoni mwa Wakatoliki wa eneo hilo.

Mwenda ni jina lenye heshima kwa Wayeke, kwa kuwa Msiri, mwanzilishi wa ufalme wao, aliitwa pia Mwenda. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu Sese Seko iliwaamuru raia waache majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya na kutumia majina ya Kiafrika. Kuanzia hapo mwanamuziki huyu alitumia jina la Mwenda wa Bayeke, maana yake Mwenda wa Wayeke. Ndilo jina lililoandikwa kwenye albamu zake za baadaye.

Asili

Bosco alizaliwa Bunkeya, katika bonde la mto Lufira, kaskazini kwa mji wa Likasi. Leo Bunkeya ni mji mdogo, lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19 ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Garenganze chini ya Msiri. Msiri alikuwa Mnyamwezi kutoka eneo la Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake alifanya biashara ya shaba kati ya Katanga na Unyamwezi. Msiri alihamia Katanga, akapata bunduki na wafuasi, na mwishowe akawa mtawala. Kutoka Bunkeya aliuza pembe za ndovu, shaba na watumwa kuelekea pwani ya Waswahili upande wa mashariki na Angola upande wa magharibi.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa kupigwa risasi na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukiongozwa na William Stairs. Msafara huo ulikuwa umeanza safari yake pwani ya Afrika Mashariki, na wapagazi wake wengi walitoka huko. Baada ya kifo chake Katanga iliingizwa katika Dola Huru la Kongo, na mwaka 1908 ikawa sehemu ya koloni la Ubelgiji.

Wayeke waliobaki Bunkeya ni wazao wa wahamiaji hao wa Kinyamwezi na wenyeji waliochanganyika nao, hasa Wasanga. Kwa hiyo Bosco alizaliwa katika jamii ambayo, vizazi vichache kabla yake, ilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na Tanzania.

Miji ya shaba na Kiswahili chake

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville (sasa Lubumbashi), na mji huo ukaanzishwa mwaka huohuo. Miji mingine ya migodi na viwanda ilikuwa Jadotville (sasa Likasi), Kipushi na Kolwezi. Wafanyakazi waliajiriwa kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia) na Ruanda-Urundi (sasa Rwanda na Burundi). Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwaruhusu wafanyakazi kuishi na wake na watoto wao katika kambi zake, ili wasirudi makwao baada ya miezi michache.

Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefika kwa wafanyabiashara na baadaye kutumiwa na utawala, wamisionari na kampuni, kikawa lugha ya kazini, sokoni na nyumbani. Baada ya muda watoto wa kambini walikikuza kama lugha yao ya kwanza. Kinatofautiana na Kiswahili sanifu. Kwa mfano, husemwa "bantu" badala ya "watu", kiambishi cha nafsi ni "ba-" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "wa-", na maneno mengi yametoka katika Kifaransa. Msikilizaji wa Mombasa au Dodoma huona ugeni katika baadhi ya maneno, lakini hufuata habari inayoimbwa.

Lugha hiyo ndiyo aliyoitumia Bosco. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, na kwa muda mrefu Katanga ilisafirisha watu na bidhaa zake kwa urahisi zaidi kuelekea Zambia, na kupitia Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma, kuliko kuelekea mji mkuu. Muziki nao ulifuata njia hizo.

Vyanzo vya muziki wake

Kabla ya gitaa kuenea, kijana wa Katanga aliyetembea mwendo mrefu aliweza kujiliwaza kwa likembe, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo Wagogo wa Tanzania huita ilimba. Mpigaji mmoja wa likembe hutoa sauti za chini na za juu kwa pamoja huku akiimba. Gitaa lilipopatikana madukani katika miji ya migodi, vijana walilipiga kwa namna inayofanana na hiyo: mtu mmoja, ala moja, sauti kadhaa.

Bosco alichukua pia kutoka mbali. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika mfululizo wa santuri ulioitwa GV, wenye nyimbo za Kuba. Miongoni mwa vikundi vya Kuba vilivyomvutia Bosco ni Trio Matamoros, kikundi cha watu watatu kilichoanzishwa mjini Santiago de Cuba mwaka 1925. Nyimbo za Kuba zenyewe zilikuwa na mizizi ya Kiafrika, kwa kuwa watumwa wengi waliopelekwa huko walitoka eneo la Kongo na Afrika Magharibi.

Chanzo kingine kilikuwa filamu za Kimarekani za wachunga ng'ombe, ambazo zilionyeshwa katika miji ya migodi. Ndani yake kulikuwa na waimbaji waliojipigia gitaa wenyewe. Muziki huo wa vijijini vya Marekani ulikuwa umetokana kwa sehemu na nyimbo za wahamiaji kutoka Uskoti, Ireland na Uingereza, na kwa sehemu na muziki wa Wamarekani weusi, ambao ndio walioleta banjo, ala yenye asili ya Afrika. Santuri za mwimbaji wa aina hiyo, Jimmie Rodgers (1897–1933), zilifika hata mashambani Afrika Mashariki. Mwaka 1950, katika nchi ya Wakipsigis nchini Kenya, ulirekodiwa wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha", jina ambalo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers.

Kwa Bosco mambo hayo hayakubaki kuwa uigaji. Aliyaunganisha na midundo ya Katanga na Zambia, akapata muziki ambao haukuwa wa Kuba wala wa Marekani.

Kurekodiwa mwaka 1952

Mtu aliyerekodi "Chemirocha" alikuwa Hugh Tracey (1903–1977), Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka Afrika ya kati, kusini na mashariki akirekodi muziki wa wenyeji. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, na hapo alimkuta Bosco, kijana wa miaka 22, akipiga gitaa mtaani. Alimrekodi, na nyimbo hizo zikatolewa kwa lebo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Kati ya hizo ulikuwamo "Masanga".

Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa takriban dakika 3. Hazikuhitaji umeme, kwa kuwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono ilitosha. Ndiyo sababu ziliweza kufika kwenye maduka ya vijijini na vilabu vya pombe mbali na miji. Vituo vya redio vilivyokuwa vikikua katika makoloni ya Uingereza navyo vilizipiga. Ndani ya miaka michache Bosco alikuwa maarufu katika nchi ambazo hakuwahi kuzitembelea.

Mtindo wa upigaji

Bosco alitumia hasa vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gumba hushika mwendo wa sauti za chini, na kidole cha shahada hupiga sauti ya juu inayojibizana na mwimbaji. Msikilizaji asiyemwona huweza kudhani kwamba magitaa mawili yanapigwa kwa pamoja.

Katika "Masanga" sehemu hizo mbili hazihesabu mapigo kwa namna moja. Mapigo yaleyale yanaweza kusikika yamepangwa matatu-matatu au mawili-mawili, kutegemea sikio limeifuata sauti ya juu au ya chini. Upangaji wa namna hiyo ni wa kawaida katika ngoma za sehemu kubwa ya Afrika. Bosco aliuhamishia kwenye nyuzi sita.

Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika uchambuzi wa upigaji wa Bosco, uliochapishwa katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alizipanga sauti za gitaa kwa maandishi ya nota na kuonyesha kwamba Bosco hakurudia wimbo vilevile kila alipoupiga. Alikuwa na kiini kisichobadilika, kisha akakitolea sura mpya papo hapo. Uchambuzi huo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya kitaalamu yaliyomchukua mpiga gitaa wa Kiafrika wa mjini kama mtunzi mwenye ufundi wake, katika kipindi ambacho watafiti wengi walishughulikia zaidi ngoma za vijijini.

Maneno ya nyimbo

Nyimbo za Katanga za kipindi hicho zilihusu maisha ya watu wa mjini na kambini: mapenzi na ugomvi wa ndoa, pesa na ukosefu wake, pombe, safari, sifa kwa marafiki na maonyo kwa vijana. Mara nyingi wimbo haukusimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari mifupi ilifuatana, kila mmoja na habari yake, na gitaa likaiunganisha. Mbali na "Masanga", nyimbo za Bosco zinazotajwa mara kwa mara ni pamoja na "Bombalaka", "Tambala Moja" na "Watoto Wawili".

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bosco aliishi Nairobi kwa muda. Wakati huo Nairobi ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya santuri katika Afrika Mashariki. Alikuwa na kipindi chake cha mara kwa mara redioni, na hivyo wapiga gitaa wa Kenya waliokuwa wakimsikia kwenye santuri waliweza sasa kumfuatilia kila kipindi kiliporushwa, na wengine kumwona akipiga.

Binamu yake Edouard Masengo, ambaye naye alipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, alifanya kazi Nairobi pia na kurekodi huko. Wawili hao hutajwa pamoja kama wawakilishi wakuu wa mtindo wa Katanga nchini Kenya. Masengo alifahamika zaidi kwa uimbaji, na Bosco zaidi kwa gitaa.

Upigaji huo usiotumia umeme uliitwa gitaa kavu. Ulikuwa na nguvu hasa magharibi mwa Kenya, ambako wapigaji wa Kiluhya na Kijaluo waliuchanganya na midundo ya kwao. Kipindi hicho ndicho cha wapiga gitaa kavu mashuhuri kama George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Baadaye magitaa ya umeme yaliposhika bendi za Nairobi, mazoea ya kulipa gitaa la juu wimbo wake wenyewe, badala ya kulifanya lifuate mwimbaji tu, yaliendelea.

Uhuru na mabadiliko ya muziki

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo Katanga ilijitangaza kuwa nchi huru chini ya Moïse Tshombe, na vita vilivyofuata vilimalizika Januari 1963. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, na kampuni ya serikali iliyoshika nafasi yake ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina kuwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba.

Katika miaka hiyohiyo muziki wa Kinshasa ulipanuka. African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco Luambo, zilizoanzishwa katika miaka ya 1950, zilitumia magitaa ya umeme, saksafoni na waimbaji kadhaa, na ziliimba hasa kwa Kilingala. Zilikuwa na studio na kituo kikubwa cha redio. Mwanamuziki wa peke yake mwenye gitaa kavu hakuweza kushindana nazo katika kumbi za dansi. Kwa wasikilizaji wengi maneno "muziki wa Kongo" yakaanza kumaanisha muziki wa Kilingala, na mchango wa waimbaji wa Kiswahili wa Katanga ukapungua katika kumbukumbu.

Newport, 1969

Mwezi Julai 1969 Bosco alipiga katika tamasha la muziki wa asili la Newport, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tamasha hilo, lililoanza mwaka 1959, lilikuwa jukwaa kubwa kuliko yote la muziki wa aina hiyo nchini humo. Mwaka huo walishiriki pia Joni Mitchell, James Taylor, Van Morrison na Muddy Waters.

Wengi wa waliohudhuria walikuwa wakilijua vizuri gitaa la vidole, kwa sababu wapigaji weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa na mtindo wao ambao gumba hushika besi na kidole kingine wimbo. Bosco alifika na mtindo uliokaribiana na huo kwa sura lakini uliozaliwa kwenye migodi ya Katanga. Kijana aliyekuwa ameona waimbaji wa Kimarekani katika filamu sasa alikuwa amesimama mbele ya Wamarekani akiwaimbia nyimbo zake.

Maisha ya Lubumbashi

Umaarufu huo haukumwezesha kuishi kwa muziki peke yake. Sehemu kubwa ya maisha yake Bosco aliishi Lubumbashi. Aliwahi kufanya kazi benki, akawa na shughuli za biashara, akaongoza bendi na kuendesha hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Kwa majirani alikuwa mtu wa ofisi na mfanyabiashara, wakati mbali na hapo wanafunzi wa gitaa walikuwa wakihangaika kufuata vidole vyake kwa kurudiarudia santuri zilezile za miaka ya 1950.

Mmoja wao, Mwingereza John Low, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta wapigaji wa zamani na kujifunza kwao. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1982 na kuwakumbusha wasomaji wa Ulaya kwamba wengi wa wapigaji hao walikuwa bado hai. Mwaka huohuo Bosco alikwenda Ujerumani Magharibi, ambako alipiga na kurekodiwa mjini Bayreuth.

Mwaka 1988 alirekodi tena, safari hii mjini Cape Town, Afrika Kusini. Alizipiga upya baadhi ya nyimbo zake za ujanani akiwa na karibu miaka 60. Albamu hiyo, iliyopewa jina la Mwenda wa Bayeke, ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, wakati yeye alikuwa tayari amefariki.

Kifo

Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Urithi

Rekodi za mwaka 1952 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo tangu mwaka 1978 ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baadhi zimetolewa upya kwa diski pamoja na za wapigaji wengine wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia.

"Masanga" bado hufundishwa na kujaribiwa na wapiga gitaa barani Afrika, Ulaya na Marekani, kwa kuwa ni kipimo cha uwezo wa kuendesha sauti mbili kwa mikono ya mtu mmoja. Wengi hujifunza sehemu ya gitaa pekee na kuacha maneno. Kwa wasemaji wa Kiswahili wimbo huo una jambo la ziada: ni ushahidi kwamba katikati ya karne ya 20 Kiswahili kilikuwa lugha ya muziki mpya wa mjini siyo pwani tu, bali pia kwenye migodi iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na kwamba muziki huo ulirudi mashariki kwa njia zilezile ambazo Wanyamwezi wa Msiri walikuwa wamezipita kuelekea magharibi.